Mgeni ni Nani Katika Mji wa Shaba?



Kuna neno linalotembea tena kambini, sokoni na mahali watu wanapokunywa pombe. Ni neno "mgeni". Wageni wamejaa, wanasema. Wageni wanakula kazi yetu, warudi kwao. Na wale wale wanaosema hivyo, siku wanaposimama mlangoni pa kampuni kudai mshahara uliochelewa, wanashangaa kuona polisi akiwajia na fimbo na kuwaambia: hamna ruhusa, rudini kwenu. Angalieni vizuri, ndugu. Ni maneno yale yale.

Tuulize kwanza: nani si mgeni hapa? Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, shaba ilikuwa nyingi na watu wa kuichimba walikuwa wachache. Waandikishaji wakaenda Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Wakaenda Lomami na Kasai, wakaenda mpaka Ruanda na Urundi. Baba zetu wakaja kwa miguu na kwa gari moshi, wake zao wakafuata, watoto wakazaliwa katika hospitali ya kampuni na kusoma kwa mapadri. Hata Kiswahili hiki tunachowaandikia hakikuzaliwa katika kijiji kimoja cha Katanga. Kilifika kama sisi, kikapata kazi, kikakaa.

Na wenye inchi wenyewe, waliotoka kijiji cha karibu kuja mjini, hawakuja bure. Sheria ya wakoloni ilisema mtu mweusi asitoke katika eneo lake zaidi ya siku 30 bila karatasi ya ruhusa. Usiku hakuruhusiwa kutembea katika mtaa wa wazungu. Kwa nini Bulamatari alipenda makaratasi namna hiyo? Wengine wanafikiri ilikuwa dharau tu. Dharau ilikuwamo, lakini ilikuwamo hesabu pia. Mfanyakazi aliyefukuzwa kazi hakupoteza mshahara peke yake. Alipoteza nyumba ya kambi, alipoteza posho, na mwisho alipoteza haki ya kukaa mjini. Mtu wa namna hiyo atagoma namna gani? Kabla hajafungua kinywa anaona gari moshi la kumrudisha.

Walakini waligoma. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, Waingereza na wenzao walihitaji shaba yetu kwa risasi zao, na vitu vya dukani vilipanda bei. Wafanyakazi wa Jadotville, yaani Likasi, na wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, wakaacha kazi. Tarehe 9 Desemba watu wa Elisabethville walikusanyika katika uwanja wa mpira. Gavana Amour Maron akaja na askari. Kati ya wasemaji wa wafanyakazi alikuwako karani mmoja, Léonard Mpoyi, jina la watu wa Kasai. Askari wakapiga bunduki. Mpoyi akaanguka, na makumi ya wengine pamoja naye. Risasi zile hazikuuliza nani wa Kasai, nani wa Rhodesia, nani mwenye inchi. Waliokufa uwanjani walikuwa wahamiaji na walikuwa wagomaji, mtu yule yule kwa mambo mawili.

Turuke miaka, twende Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Tarehe 4 Januari 1959 wakubwa walikataza mkutano wa Abako. Watu walikuwa wamekwisha kufika, wakakasirika, mji ukawaka, askari wakaua. Siku ile tunaikumbuka kila mwaka kwa kupumzika kazi. Lakini wachache wanakumbuka jambo lililofuata: serikali ya wakoloni ilianza kuwakamata watu wasio na kazi mjini na kuwarudisha vijijini. Mkutano umekatazwa, na dawa yake ni kuwafukuza wahamiaji! Bulamatari alijua kwamba haki ya kukaa na haki ya kusema ni jambo moja. Sisi tumesahau.

Tena tumesahau kwa aibu kubwa. Mwaka 1992 na 1993, Wazungu walikuwa wamekwenda zamani, hapa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa makelele na mapanga. Waliitwa wadudu. Walilala kwenye stesheni kwa majuma wakingoja gari moshi, na watoto walikufa pale. Wengi walikuwa hawajaiona Kasai hata siku moja. Walikuwa wajukuu wa wale wa mwaka 1941. Wale waliochukua nyumba zao, je, walitajirika? Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Hatusemi ni kwa sababu hiyo peke yake. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na wizi wa wakubwa ulikuwa umekwisha kula mashine. Lakini mafundi waliopakiwa katika mabehewa, nani alishika kazi yao?

Na kama mtu anafikiri yeye hatakuwa mgeni kamwe, aulize watu wa Kasai waliotoka Angola. Mwezi wa Oktoba 2018 Angola iliwatoa Wakongo zaidi ya 300,000 kwa majuma machache, wengi wao wachimbaji wa almasi na jamaa zao. Tulilia wote, tukasema Angola imekosa haki. Tulisema kweli. Basi haki ile ile tuipime hapa nyumbani.

Tunajua mtakavyojibu. Mtasema: lakini mkubwa fulani akipata ofisi anaajiri watu wa kwao tu. Neno hilo ni la kweli, tunaliona na sisi. Lakini kosa ni la mkubwa yule. Daini orodha ya kazi ibandikwe mlangoni, daini mtihani wa wazi. Mama anayeuza makaa njiani, aliyefika jana na lori, hakuajiri mtu.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iko wazi. Kifungu cha 30 kinasema kila mtu aliye katika inchi anaweza kutembea na kukaa fasi anayotaka. Kifungu cha 32 kinamlinda hata mtu wa inchi nyingine aliyeingia kwa sheria. Kifungu cha 39 kinalinda mgomo. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoijua, na polisi asimweke zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumpeleka kwa mwenye sheria. Mwenye ndugu buloko ahesabu saa hizo.

Na kifungu cha 26, hicho kisomeni mara mbili. Hakisemi kuomba ruhusa ya kuandamana. Kinasema kumjulisha mkubwa kwa barua. Tena na tena tunaona watu wanaandika "tunaomba ruhusa", na mkubwa anajibu "hapana", kwa sababu wao wenyewe wamempa mlango. Andikeni "tunakujulisha". Wekeni siku, saa, njia mtakayopita na majina ya wanaoongoza. Fanyeni nakala mbili. Moja iachwe kwenye ofisi ya meya, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi mikononi mwenu. Karani akikataa muhuri, msiondoke kwa hasira: andikeni pale pale jina lake, tarehe na saa, na mashahidi wawili waweke sahihi.