Stero Hafi, Lakini Hapa Nje Watu Wanakufa

Hii story nimeikalia muda mrefu, wacha leo niitoe tu.

Kama ulikulia mtaani kama mimi, unakijua kile kibanda cha mabati chenye pazia jeusi mlangoni. Ukiwa na ashara, umeingia. Ndani joto, mabenchi ya mbao, harufu ya njugu na soksi, na sauti ya DJ Afro ikifunika kila kitu. Muvi ni ya Kihindi ama ya Kichina, lakini nani alikuwa anajali? Sisi tulikuwa tunamsikiliza Afro. Akikolea, hata adui anaanza kuongea kama konda wa Umoja.

Na sheria ya kibanda ilikuwa moja: stero hafi. Anaweza kupigwa risasi tatu, akatupwa mtoni, akachomewa nyumba na mathe yake akiwa ndani. Atarudi. Wanaokufa ni wale wengine. Yule rafiki wa stero mwenye anachekesha, huyo akianza kuonyesha picha ya bibi yake unajua ni mwisho wake. Tulikuwa tunacheka, manze. Tunapiga makofi mtu akifa, kwa sababu sasa stero atakasirika na muvi itaanza kuwa tamu.

Nimekuja kugundua hiyo sheria tulitoka nayo kibandani tukaiingiza kwa siasa.

Angalia vile tunapiga kura. Wazazi wetu walikuwa na stero wao, Baba, mara 5 kwa debe la urais, na kila mara ilikuwa ni kama sehemu inayofuata ya muvi ile ile. 2022 tukaletewa stero mpya, mtoto wa kijijini aliyeuza kuku kando ya barabara, anapigana na familia za mabwanyenye. Sema ukweli, hiyo ni muvi ya Kihindi kabisa! Ilikuwa imebaki nyimbo na mvua. Na sisi tukanunua tikiti, kwa sababu hadithi tuliijua kabla hatujaisikia.

Halafu ikafika Juni 2024. Mswada wa Fedha ukatutoa kwa nyumba, na kitu kilichonishtua ni kwamba hakukuwa na stero. Hakuna kiongozi, hakuna chama, hakuna kabila. Polisi walikuwa wanatafuta mtu wa kushika waseme "huyu ndiye", na hakuna. Mimi mpenda muvi nilikuwa nimechanganyikiwa kidogo. Hii ni muvi gani ambayo kila mtu ni yule msee wa nyuma?

Tarehe 25 nilikuwa Tao na simu yangu. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo tayari, karo ilinishinda mwaka wa pili, na kazi yangu ilikuwa kuposti klipu za muvi na maoni yangu. Nilirekodi kila kitu. Watu wakiingia Bunge mimi sikuwa mbele, wacha nisijifanye shujaa, nilikuwa nyuma huko nakohoa juu ya moshi wa vitoa machozi.

Usiku nikakaa chini nikahariri. Nikachukua muziki wa muvi moja kubwa ya vita, ile ya ngoma nzito. Nikaweka watu wakikimbia kwa mwendo wa pole, bendera juu, moshi, mlio wa risasi ukiingia sawasawa na ngoma. Sekunde 45. Ilikuwa kali, siwezi kudanganya. Kufikia asubuhi ilikuwa imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kutengeneza. Watu wanaandika "naskia baridi mwilini". Mimi nahesabu laiki.

Siku tatu baadaye nikapata ujumbe inboksi. Dem simjui. Ameandika: "Mwenye hudi ya manjano ni brathe yangu. Hakurudi nyumbani. Tafadhali toa huo wimbo."

Nilienda kuangalia. Hudi ya manjano iko hapo sekunde ya 19, anapita, sekunde mbili hivi, anapotea kwa moshi. Mimi nilikuwa nimemweka hapo kwa sababu rangi yake ilikaa poa na moshi mweupe. Basi.

Nikatoa klipu yote kwa aibu. Akaandika tena: mbona umeitoa? Hiyo ndiyo ya mwisho tuko nayo akitembea. Nilikuwa nimekuomba wimbo tu.

Nikarudi kwa simu kutafuta ile ya kwanza ambayo sikuikata. Nikaipata. Ilikuwa dakika moja na kitu. Yule boy ananunua maji, anampa msee mwingine wa kuosha macho, anacheka, anafunga kamba ya kiatu, ndio anaanza kukimbia. Hayo yote nilikuwa nimeyakata. Nilikuwa nimesema hayana action.

Nikamtumia. Hakujibu mpaka leo, na sina haki ya kumuuliza.

Tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa kufikia tarehe 1 Julai 2024. Kibandani hao 39 ndio wale wanaokufa ili muvi iwe tamu. Rais alikataa kutia sahihi mswada tarehe 26, siku moja tu baada ya risasi, na mtandaoni nikaona watu wakisema "tumeshinda" kama vile majina yanaanza kupanda kwa skrini. Kwa nyumba ya yule dem hakuna jina lililopanda. Kulikuwa na kitanda kitupu.

Najua kuna mtu ataniambia, bro, hizo klipu za muziki ndizo zilitoa watu kwa nyumba. Ni kweli. Bila hizo wengi wangebaki kwa kochi, nami nikiwemo. Muvi hutupa moyo, na moyo tulikuwa tunauhitaji. Shida yangu ni hii: ukishamfanya mtu aliyekufa kuwa sehemu ya trela, watu wanangoja muvi yenyewe. Wanangoja sehemu ya pili. Hakuna anayeuliza nani alifyatua risasi, kwa sababu kwa muvi stero ndiye atalipiza.

Na serikali nayo ina mkasi wake. Sheria yetu ya filamu na michezo ya jukwaani iliandikwa 1962, kabla hata hatujapata uhuru, na bado inatumika kuamua tutazame nini. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilifika Cannes 2018 lakini hapa nyumbani ilipigwa marufuku, mpaka mahakama ikatupatia siku 7 za kuitazama. Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, vitoa machozi vikarushwa, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani. Hao wanakata kwa sababu wanaogopa tutaona. Mimi nilikata kwa sababu ya laiki. Lakini yule boy wa hudi ya manjano, kwa mkasi wote wawili, anapotea vile vile.

Ndio maana nawaambia mtafute Softie ya Sam Soko. Ni dokumentari ya 2020 kuhusu Boniface Mwangi akigombea ubunge Starehe 2017. Ukiisikia hivyo unafikiri ni muvi ya stero, kumbe kamera inarudi nyumbani. Kuna bibi yake, Njeri, kuna watoto, kuna vitisho, kuna ile ngori ya nchi kwanza ama familia kwanza. Na Sundance waliipa tuzo maalum ya uhariri. Ya uhariri, wasee! Mtu alikaa na mkasi kama wangu akaamua kuacha zile sehemu za jikoni.

Ama rudia Nairobi Half Life ya 2012. Mwas anaanza akiuza DVD kijijini na kuigiza muvi za action kwa wateja, yaani ni mimi kabisa. Anaishia jukwaani watu wakimtazama, na wenzake wameisha mikononi mwa polisi wafisadi. Amepona, lakini ukitazama uso wake huwezi kusema ameshinda.

Sasa nimejiwekea sheria zangu. Klipu ya mtu aliyeumia ama aliyekufa siwekei muziki. Jina lake, familia ikikubali, naliandika. Na ile sehemu ananunua maji, naiacha. Watazamaji wamepungua, ndio, na kodi bado inadaiwa. Mathe ananiuliza kama nitarudi chuo, sina jibu.

Wewe uko na klipu gani ya 25 Juni kwa simu? Usiifute. Irudie pole pole, uangalie wale wa nyuma. Labda kuna nyumba inamtafuta mmoja wao.