Moto wa Mlima na Moto wa Bunduki

Mlima Nyiragongo ulipotapika moto tarehe 17 Januari 2002, hata kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu liliungua. Lakini watu walirudi upesi, mawe yangali na joto, wakajenga juu ya mabanga. Je, siku zile nani alimwuliza jirani kabila lake kabla ya kumgawia chakula?

Januari 2025 moto mwingine uliingia Goma, moto wa bunduki. Waliozikwa walipita 2,000. Banki zikafungwa. Mwezi wa Februari waliokimbilia kambi za Bulengo na Lushagala wakaamriwa kuondoka. Na safari hii sisi Wakristo tulifanya nini? Tuseme kweli hata ikiuma: wengi wetu tulifunga mlango. Mjane anaulizwa mumewe alikuwa upande gani, hajapewa hata unga. Msichana aliyetendewa jeuri na watu wenye silaha ananyoshewa kidole penye bomba la maji, kana kwamba dhambi ni yake. Na Jumapili sisi hao hao tunapokea Ekaristi Takatifu!

Wengine watajibu: "Hiyo ni kazi ya vyama vya misaada." Sivyo! Vyama huleta unga na mahema, nasi twashukuru. Lakini jioni magari yao huondoka. Mtoto akiamka usiku akipiga kelele kwa hofu, ni nani anayemsikia? Ni jirani. Wengine watasema: "Sisi pia maskini." Ni kweli, lakini kumtembelea mwenye msiba hakudai hata faranga moja. Wengine tena: "Kwanza haki!" Nasi twaitaka haki, mwuaji ahukumiwe. Lakini hukumu ni kazi ya mahakama, si ya masengenyo ya mtaani, wala mtu hahukumiwi kwa kabila lake.

Tunaye kijana wetu wa Goma, Mwenye heri Floribert Bwana Chui, aliyetangazwa Roma tarehe 15 Juni 2025. Mwaka 2007 aliuawa kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite mpakani. Hakuuliza chakula kile kingeliwa na kabila gani. Alijua tu ya kuwa kingewadhuru watu. Kumpigia makofi bila kumfuata ni unafiki.

Basi, kila shirika lihesabu nyumba za mtaa wake, Birere, Majengo, Ndosho na kwingineko, lisiruke hata moja. Mama wawili wamsindikize hospitali yule aliyetendewa jeuri, wanyamazishe ndimi za wachongezi. Wazee wamtafutie mahali pa kulala aliyefukuzwa kambini. Vijana wamsimamishie mjane ukuta wa mbao. Mapendo ya Kristu hayachagui mlango. Tukichagua sisi, tusiyaite mapendo.