Usimlaumu Mchoraji: Kava la Gemu Likibuma, Muulizeni Aliyetoa Oda

Wiki iliyopita kulikuwa na mtifuano mtamu mitandaoni, na safari hii haikuwa ndoa ya mtu wala gari la kuazima. Lilikuwa kava la gemu. Kijana mmoja wa Dar, jina kapuni, aliachia gemu yake ya kwanza baada ya kuhangaika nayo miaka miwili: unakuwa konda wa daladala, unadai nauli, unapanga abiria, unamkwepa trafiki. Walioicheza wanaisifia. Shida ni kwamba ni wachache mno. Alipotupia ile picha ya dukani, ile ndogo inayokaa pembeni ya jina la gemu, watu wakamchamba bila huruma. Mmoja akauliza kama ni pizza.

Jamaa akapaniki. Akaandika kwamba kosa ni la mchoraji wake, binti anayepiga kazi za kidijitali, na kwamba pesa yake imeliwa hivi hivi. Binti naye hakulaza damu, akaanika meseji zote za oda. Weka daladala. Weka konda ananing'inia mlangoni. Ongeza abiria, gari ijae. Nyuma lionekane Daraja la Tanzanite. Machweo yasikosekane. Trafiki awepo, akunje uso. Jina la gemu, maneno matano. Halafu kwa juu: "Gemu Namba Moja Tanzania". Kila alipotumiwa toleo jipya, jibu lilikuwa lile lile: "Safi sana, sasa ongeza..."

Ukishazisoma meseji hizo, kesi imekwisha. Binti alitoa alichoagizwa. Alichoagizwa ni bango la barabarani, na bango la barabarani halikai kwenye ukucha wa kidole gumba.

Huo ndio ukubwa wenyewe, si utani. Google Play inataka aikoni ya pikseli 512 kwa 512, na hapo ndipo wengi wanaponasa, maana kwenye laptopu picha ya saizi hiyo inapendeza na kila abiria anaonekana hadi meno. Ikishafika kwenye simu ya mteja, inabaki kitu cha kufunikwa na dole gumba moja. Steam ndio hatari zaidi: kwenye baadhi ya orodha zake kava linaminywa hadi pikseli 120 kwa upana na 45 kwa urefu. Daraja zima, machweo, daladala na trafiki aliyekunja uso, vyote ndani ya nafasi ndogo kuliko tiketi ya mwendokasi. Kinachobaki ni rangi ya maharage.

Na mteja hatulii akaliangalia. Mwaka 2024 peke yake Steam iliingiza gemu mpya zaidi ya 18,000. Mtu anapitisha kidole kwenye skrini akiwa kitandani, au kwenye foleni ya Ubungo, macho yanaruka tu. Picha haipewi muda wa kujieleza. Inatakiwa ijibu swali moja haraka: hii ni gemu ya aina gani? Ya mbio, ya vita, ya kutisha, ya kuchekesha? Kava la konda lilijaribu kujibu maswali manane kwa mpigo, likashindwa hata hilo moja.

Chukua Hollow Knight ya mwaka 2017, kazi ya kikundi kidogo kutoka Adelaide, Australia. Dunia ya gemu hiyo imejaa wadudu wa kila aina, mapango, maadui wa kutisha na mapigano yasiyoisha. Lakini kinachokaa kichwani ni kinyago kimoja cheupe chenye pembe mbili kwenye giza. Kifinye unavyotaka, bado utakijua. Au Among Us: yule mtu mwenye suti ya angani na kioo usoni, umbo ambalo mtoto wa chekechea anaweza kulichora kwa mistari michache. Ila tusidanganyane. Among Us ilitoka 2018 na ikalipuka 2020, baada ya watu maarufu wa kucheza gemu laivu kuibeba. Kava halikuipa umaarufu. Lilichofanya ni kwamba watu walipokimbilia dukani kuitafuta, hawakuhitaji kusoma jina ili kujua wamefika.

Sasa turudi kwa konda, kwa sababu gemu yake ilikuwa na kava zuri ndani yake muda wote. Mkono umeshika noti zilizokunjwa kwa urefu katikati ya vidole, vile makonda wanavyozishika. Basi. Kila aliyewahi kupanda gari la Gongo la Mboto anaujua mkono ule kabla hajasoma neno. Nyuma weka rangi moja inayopiga kelele, mkono uwe na mwanga, pembeni kuwe na giza. Daladala, daraja na abiria wana nafasi yao: kuna picha za ndani ya gemu, kuna video, kuna ile picha pana ya Google Play ya pikseli 1024 kwa 500. Huko jaza hadi wakae kwenye injini.

Jina nalo. Kwenye Google Play jina la gemu linaandikwa na duka lenyewe pembeni ya aikoni, kwa hiyo kulirudia ndani ya aikoni ni kujibana bure. Steam ni kinyume chake, kava lazima libebe jina, na linatakiwa lisomeke hata kwenye lile la 120 kwa 45. Maneno matano kwa mwandiko wa kujikunja kama kadi ya harusi hayasomeki. Mtu anayependa gemu yake iwe na jina refu kama tamthilia ya Kikorea ajue kabisa kwamba kava ndilo litakalolipa.

Na hilo la "Namba Moja Tanzania" si suala la ladha. Google Play inakataza aikoni yenye maneno ya kujipa cheo, ya bei au ya kutangaza ofa. Steam nayo tangu tarehe 1 Septemba 2022 inaruhusu kava liwe na picha ya gemu, jina lake na jina dogo rasmi tu. Hakuna kuweka nyota, hakuna tuzo, hakuna "punguzo asilimia 50". Yaani bosi alilipa pesa ili achorewe kitu cha kumletea matatizo na duka.

Binti naye si msafi asilimia mia. Fundi mwenye uzoefu angemtumia mteja kila toleo likiwa dogo, limepachikwa katikati ya aikoni za gemu nyingine, kwenye simu, sio faili kubwa la kujaza skrini. Angemwambia ageuze picha iwe nyeusi na nyeupe aone kama kitu chochote kinajitokeza. Mteja mbishi habishani na macho yake mwenyewe. Lakini kwa laki moja, marekebisho kumi na moja na meseji za saa sita usiku, kumtegemea pia awe mwalimu ni kuonea.

Baada ya kubanwa, jamaa akatangaza kwamba gemu ijayo atatengeneza picha kwa akili bandia na hataki tena habari za wachoraji. Wafuasi wake wakashangilia. Sawa, lakini itamsaidia nini? Ile programu nayo inasubiri oda. Ukiiambia iweke daladala, konda, abiria, daraja, trafiki na machweo, itaweka vyote, na itaongeza vidole viwili kwa konda. Tofauti ni kwamba haitaanika meseji. Zaidi ya hapo, tangu Januari 2024 Steam inamtaka mtengenezaji aeleze kama ametumia akili bandia, na maelezo hayo mnunuzi anayaona. Wapo wanaosepa wakishaona tu.

Kuna walioshauri achore mrembo na moto, watu wabofye. Ushauri wa YouTube huo. Gemu ya konda ni ya kuchekesha. Atakayeingia akitafuta mapigano atakasirika, ataacha nyota moja na kusepa. Kwenye Steam anarudishiwa hata hela yake akiomba ndani ya siku 14 na hajacheza zaidi ya saa mbili.

Habari njema kwa jamaa ni kwamba hajafa. Aikoni inabadilishwa wakati wowote. Google Play ina jaribio la bure kabisa: unaweka hadi aikoni tatu mpya zishindane na ya zamani, duka linazigawa kwa wageni tofauti, halafu linaonyesha ipi imeleta watu wengi kupakua. Ila kwa wageni kumi na watano kwa wiki, matokeo hayo ni bahati nasibu, kwa hiyo asikimbilie kutangaza mshindi siku ya tatu. Aanze na mkono wa konda. Na akimrudia yule binti, kwanza aombe radhi hadharani kama alivyomchafua hadharani, pili alipe nusu kabla hajashika kalamu, na tatu wakubaliane kwa maandishi marekebisho ni mawili, la tatu lina bei yake.