Televisheni Isiyodai Ada ya Mwezi

Ilikuwa jioni ya tarehe 30, katika mstari wa zile nyumba za mabati za mviringo ambazo askari polisi wa Uganda wamezipa jina la "mama ingia pole", maana mlango wake ni mfupi na mwenye haraka huachia ngozi ya paji la uso wake hapo kizingitini. Taarifa ya habari ilikuwa imefika katikati. Msomaji wa habari alikwisha fungua kinywa kueleza jambo la mitihani ya mwisho wa mwaka, mara sura yake ikatoweka, na mahali pake pakatokea maneno machache kwenye kioo cheusi: malipo yamekwisha.

Watoto watatu walimgeukia mama yao. Mama naye aliutazama mkebe wa majani ya chai uliokuwa juu ya kabati, ambamo fedha za nyumba huwekwa. Ndani ya mkebe mlikuwa na kiasi kilichotumwa kwa simu siku mbili zilizopita na mumewe, koplo aliyekuwa kazini Moroto, huko Karamoja. Fedha zile zilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ada ya televisheni. Ya pili ilikuwa michango ya shule kwa kijana wa darasa la saba anayejiandaa kwa mtihani. Lakini katikati ya mwezi mtoto mdogo alishikwa na homa, dawa zikanunuliwa, na sasa mkebe uliweza kazi moja tu.

Koplo alikuwa amesema wazi katika simu: "Mama watoto, televisheni ilipwe kwanza. Nakuja likizo wiki ijayo, na Jumamosi kuna mpira." Asubuhi yake mama alifunga kitambaa kichwani, akaenda shuleni, akalipa michango yote na kupewa stakabadhi. Ile stakabadhi aliikunja akaiweka mkebeni mahali pa fedha.

Kisa hiki si cha nyumba moja. Katika kambi nyingi za askari, ada ya televisheni ya kulipia imekwisha jipenyeza katika makadirio ya nyumba ikakaa safu moja na unga, mafuta na sabuni, bila mtu kukumbuka ni lini ilikaribishwa. Yafaa basi iulizwe ilifikaje hapo, kwani haikuwako tangu mwanzo. Televisheni ya Uganda ilipoanza kutangaza mwaka 1963, aliyekuwa na chombo na antena juu ya paa alitazama kadiri alivyopenda. Hali hiyo iliendelea kwa miaka mingi, hata baada ya mwaka 2005, Radio Uganda na Televisheni ya Uganda zilipounganishwa kuwa shirika moja la UBC. Televisheni ya kulipia kwa setilaiti ilikuja katika miaka ya 1990, na mwanzoni ilikuwa anasa ya mahoteli na ya watu wenye mishahara minene.

Kilichozichanganya nyumba nyingi ni mageuzi ya mitambo. Kwa mapatano yaliyofikiwa Geneva mwaka 2006, nchi nyingi zilikubali kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 utangazaji wa televisheni kwa mtindo wa zamani, yaani analojia, utakuwa umekoma na kuacha nafasi kwa mtindo wa dijitali. Tanzania ilitangulia kwa kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya ilifikia hatua hiyo mwaka 2015, baada ya kesi iliyokwenda mpaka Mahakama ya Juu. Kampala na maeneo yake ya karibu yalizimiwa katikati ya Juni 2015. Siku hizo kila mtu aliambiwa kwamba televisheni yake ya zamani haitaona kitu bila king'amuzi, ama dikoda kama wengi wanavyokiita. Wenye biashara walikuwa tayari mabarabarani na miavuli yao na mabango yao, wakiuza vile ving'amuzi vinavyodai malipo ya kila mwezi. Mwananchi aliyetoka kazini na haraka zake alinunua kilichokuwa mbele yake, akaamini tangu siku ile kwamba dijitali na ada ni kitu kimoja.

Sivyo hata kidogo. Dijitali ni namna tu ya kuyafunga mawimbi, kama vile mzigo uliokunjwa vizuri unavyochukua nafasi ndogo ndani ya lori. Katika masafa yaliyokuwa yakibeba stesheni moja ya analojia, leo hupita stesheni nyingi pamoja. Baadhi hufungwa kwa kufuli, na ufunguo wake ndio ile ada. Nyingine haziwekewi kufuli lolote: UBC yenyewe, na stesheni za watu binafsi ambazo kipato chao hutoka kwa matangazo ya biashara. Nchini Uganda kazi ya kuzisafirisha stesheni za bure mpaka milingotini ilikabidhiwa Signet, kampuni tanzu ya UBC. Mwenye kifaa kinachofaa huzipata bila kulipa senti baada ya siku ya kununua.

Kifaa hicho ni kipi? Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo ni vizuri kwenda polepole. Mtindo wa dijitali ya ardhini unaotumika Uganda huitwa DVB-T2. Televisheni nyingi zilizotengenezwa miaka ya karibuni zina uwezo huo ndani yake, wala hazihitaji king'amuzi. Mwenye nyumba achukue miwani yake, ageuze televisheni na kusoma kibandiko cha mgongoni au kijitabu kilichokuja nayo. Akiona T2, anachohitaji ni antena na waya tu. Akiona T peke yake pasipo 2, au asione herufi hizo kabisa, atahitaji king'amuzi cha T2 kisicho na kadi. Walioagiza televisheni kuukuu kutoka Ulaya wamepata kushangazwa na jambo hili, kwani chombo huwa kizuri cha kung'aa lakini kinajua T ya kwanza tu.

Mama wa nyumba ile ya mabati hakuyajua yote haya. Aliyajua mengi kwa jirani, mke wa sajini mmoja mstaafu, ambaye tangu mwaka uliopita hakuwa amelipa ada yoyote na bado televisheni yake ilisikika usiku kucha. Wanawake wawili walisoma kibandiko pamoja. Kulikuwa na T2. Mama alicheka kwa uchungu kidogo: kwa miaka minne chombo chake kilikuwa na mlango wa bure, naye akilipia dirisha.

Siku ya pili alinunua antena ya kawaida ya masafa ya UHF, ile yenye vijiti vingi kama mifupa ya samaki, na mita kumi za waya. Kwanza aliisimamisha ndani, juu ya kabati, asipate kitu. Sababu ni rahisi. Mabati huyarudisha mawimbi kama yanavyorudisha mvua, na nyumba yenye ukuta wa bati pande zote ni sawa na debe lililofunikwa. Antena ikatolewa nje, ikafungwa juu ya mti wa mwanzi uliopita paa kwa kimo cha mtu, ikaelekezwa kilima cha Kololo, ambako milingoti ya utangazaji ya Kampala imesimama. Kijana wa darasa la saba alishika rimoti na kuanzisha utafutaji wa stesheni. Zikaanza kuingia moja baada ya moja, na yule msomaji wa habari aliyekatizwa akarudi, safari hii katika suti nyingine.

Anayefanya kazi hii na afahamu kwamba dijitali haina ukungu. Zamani wimbi dhaifu lilileta picha yenye chenga, mtu akavumilia. Siku hizi picha huwa safi kabisa, ama huvunjika vipande vya mraba na kukwama. Ikivunjika, kosa mara nyingi liko kwenye waya: kiungo kilichofungwa kwa mkono na kuachwa mvuani, au antena iliyosukumwa na upepo. Kabla ya kumwita fundi, atazame kwanza antena za majirani zinakoelekea, na kama vijiti vyake vimelala au vimesimama wima. Ushauri huo hauna bei.

Kwa familia zilizo mbali na milingoti, katika vituo vya mpakani au nyuma ya milima, antena haitafaa kitu, na hapo dishi lina kazi yake. Setilaiti hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi, na baadhi hubeba stesheni zisizo na kufuli. Dishi lililonunuliwa kwa ajili ya televisheni ya kulipia halina kosa lolote. Ni bati tu la kukusanya mawimbi, na ni mali ya aliyelinunua. Lakini haliwezi kuachwa lilipo. Setilaiti moja inayotumiwa sana na televisheni ya kulipia imekaa nyuzi 36 za mashariki, na kwa kuwa Kampala iko karibu na nyuzi 32 na nusu, setilaiti hiyo iko karibu na utosi. Kuhamia setilaiti nyingine ni kuligeuza dishi mashariki au magharibi, kazi ya nywele moja ambayo kosa la nyuzi mbili huiharibu yote. Hapa fundi anastahili malipo yake. Mwenye nyumba amtake aandike kwenye karatasi jina la setilaiti, uelekeo wake, na stesheni zinazoonekana siku hiyo, kwani stesheni ya bure ya leo yaweza kufungwa kesho bila taarifa. Tena mvua kubwa hulikatiza dishi zaidi kuliko antena.

Hesabu yake haihitaji kalamu nzito. Nyumba inayolipa, tuseme, shilingi 50,000 kwa mwezi, hutoa shilingi 600,000 kwa mwaka. Ieleweke pia kwamba si lazima kukata yote kwa siku moja. Makampuni mengi yana vifurushi vidogo, na mteja aweza kushuka kabla ya kuondoka, au kulipia mwezi wa mashindano makubwa na kuacha miezi mingine.

Kuna kinachopotea, na ni udanganyifu kusema vinginevyo. Ligi za Ulaya hupungua au hutoweka kabisa. Filamu mpya hazipo, na stesheni za katuni za watoto ni haba. Matangazo ya biashara ni mengi kiasi cha kuchosha. Kwa askari aliyezoea mpira wa Jumamosi hasara hiyo si ndogo, hasa ikiwa mpira ndio mapumziko yake ya pekee. Njia iliyotumika katika kambi kadhaa ni kuweka dishi moja la kulipia katika mesi na wote wakachangia. Lakini sharti iwe kwa mkataba wa mahali pa wengi, kwa sababu ule wa nyumbani hauruhusu kuonyesha mpira kwa hadhara. Na wale vijana wanaopita kambini wakinong'ona kwamba wanaweza kufungua stesheni zote kwa malipo madogo ya pembeni, hao wanauza wizi. Askari anayewanunua atajieleza vibaya sana siku watakapokamatwa na daftari lenye namba yake ya simu.

Koplo alifika Ijumaa usiku. Mama hakuwa amemwambia neno kwa simu, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi ya mpira wenyewe. "Ungenieleza," alisema, na mkewe akajibu, "Ungekataa." Palikuwa na kimya kirefu ndani ya nyumba ile ambayo haina chumba cha pili cha kununia. Kisha mama aliinuka, akautoa mkebe kabatini, akampa ile stakabadhi. Aliisoma mbele na nyuma, akauliza kama mtoto wa homa amepona kabisa, akala chakula chake.

Jumamosi alikwenda kutazama mpira mesini pamoja na wenziwe, akarudi saa nne timu yake imefungwa. Jumapili mvua ya upepo iliuzungusha mwanzi, picha ikavunjika vipande, na watoto wakapiga kelele. Koplo alivua viatu, akapanda juu ya pipa, akaigeuza antena kidogo kidogo huku kijana akimwongoza kutoka ndani: bado, bado, rudisha, hapo hapo. Aliteremka, akaomba chupa ya rangi ya kucha ya mkewe, akapanda tena na kuchora mstari mwekundu juu ya mwanzi na mwingine juu ya mti ulioshikilia, ili upepo ukija tena na yeye yuko Moroto, mistari hiyo miwili ikutanishwe.