Video Haisambai Yenyewe



Wiki iliyopita niliwaomba mwandike sentensi tano kuhusu simu. Wengi wenu mliandika kwamba video fulani "imesambaa". Sarufi ni sahihi, nami nikatia alama ya vema. Hata hivyo sentensi hiyo imenisumbua tangu siku ile, na leo nataka niwaeleze sababu.

Kitenzi "sambaa" hakihitaji mtendaji. Moshi husambaa. Harufu ya samaki husambaa. Maji ya Mweru husambaa katika matete mvua zinapozidi. Lakini kiongeze kitenzi hicho kauli ya kutendesha, kiwe "sambaza", na papo hapo sentensi itadai jina la mtu: nani amesambaza? Tunaposema video imesambaa tunaifanya moshi, na sisi tuliobonyeza tunatoweka.

Nianze na nafsi yangu. Miezi michache iliyopita nilipokea video ya mama mmoja muuza samaki aliyezozana na mteja kando ya ziwa letu. Katika purukushani hiyo chitenge chake kilimvuka, na waliomzunguka wakaangua kicheko. Nami nilicheka, nikamtumia mwenzangu mmoja tu. Jioni ile ile video ilinirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua. Baadaye nilimwona mama yule sokoni, beseni la chisense mbele yake, ameinamisha uso na hanadi. Sikupata la kumwambia. Kumwomba radhi kungemjulisha tu kwamba nami nilikuwa miongoni mwa waliomtazama.

Ndiyo maana nawaletea habari za mchoraji mmoja wa Afrika Mashariki. Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasomea sanaa London, na picha zake nyingi huchota mambo ambayo Wakenya wameyaona kwanza katika televisheni na simu. Mnamo Novemba 2014, jijini Nairobi, wanaume walimvua nguo mwanamke mmoja hadharani karibu na kituo cha mabasi, wakidai kwamba mavazi yake hayana staha. Tukio lile lilirekodiwa, na video yake ikapita simu hadi simu. Tarehe 17 ya mwezi huo wanawake, pamoja na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana katikati ya jiji kupinga ukatili huo. Kaulimbiu yao iliyotangulia mtandaoni ilikuwa #mydressmychoice, yaani vazi langu ni uamuzi wangu. Mwaka 2015 Armitage alichora picha akaipa jina hilo hilo.

Katika picha hiyo mwanamke amelala ametupa mgongo kwetu. Upande wa juu inaonekana miguu ya wanaume waliomzingira. Ukisimama mbele ya picha unatambua jambo la kutisha: wao wamesimama upande ule, nawe umesimama upande huu. Duara lilikuwa na pengo, na miguu yako ndiyo iliyolijaza.

Jinsi mwanamke huyo alivyolala inakumbusha picha mashuhuri ya Velázquez iliyoko London, ya Venus anayejitazama katika kioo. Sisi tusemao Kiswahili tuna faida hapa, kwa sababu uso wa simu nao tunauita kioo. Mwanamke wa Velázquez anajitazama mwenyewe. Yule wa Nairobi alitazamwa na wengine, katika vioo visivyohesabika, mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga kituo kile.

Zingatieni pia alichochorea. Armitage hutumia lubugo, kitambaa ambacho Waganda hukitengeneza kwa gome la mti uitwao mutuba. Gome hubanduliwa, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kutanuka. Ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote, na kitambaa chenyewe huvaliwa katika sherehe na huvikwa maiti. Uso wake una matundu, mishono na makunyanzi, na mchoraji huyaacha yaonekane. Kioo cha simu ni laini: kidole huteleza, na aibu ya mtu hupita kwa nukta moja. Juu ya gome jicho hukwama, likikwama hutulia, na likitulia huanza kuuliza.

Najua mmoja wenu atasimama na kusema: Mwalimu, je, mchoraji naye hakumvua mwanamke yule mara ya pili? Ni hoja nzito, wala siipuuzi. Jibu langu ni kwamba video ilimweka mwanamke mbele ya hukumu yetu, ilhali picha inatuweka sisi mbele ya hukumu. Hata hivyo, ikiwa mtu atatoka mbele ya picha ile akikumbuka mwili tu na kuisahau miguu, basi hoja yako imesimama. Sanaa haimwondolei mtazamaji wajibu wake.

Wala sisemi kwamba simu ni adui. Walioandamana Nairobi waliitana kwa simu hizo hizo. Ulimwengu ule tunaoshiriki kupitia vioo ni uwanja wa umma kama soko la Nchelenge, na una adabu na wajibu wake. Jambo hili lina uzito wa pekee wakati wa siasa. Mwaka 2017, wakati wa uchaguzi wa Kenya, Armitage alihudhuria mkutano wa upinzani katika bustani ya Uhuru, Nairobi, akifuatana na wanahabari, na michoro iliyotokana na siku zile ilionyeshwa Venice mwaka 2019. Nasi Zambia tuna uchaguzi mkuu kila baada ya miaka 5, mwezi wa Agosti. Video zitakuja: za mgombea anayedhalilishwa, za kijana anayepigwa, za maneno yaliyokatwa mwanzo na mwisho wake. Kuna ushahidi unaopaswa kufikishwa kwa wenye mamlaka, na kuna aibu inayopaswa kuishia kwako. Raia ni yule anayejua kuzitofautisha.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli; huwezi kuzuia kila kinachokujia. Lakini kidole chako kinakusikiliza.

Hili basi ndilo zoezi lenu la wiki. Mtakapoletewa video ya mtu aliye katika shida, ijazeni kwanza sentensi hii, kwa sauti, kabla ya kugusa kioo: "Mimi, fulani, ninaisambaza video hii kwa fulani, ili..." Tajeni majina yenu kamili. Msiache nafasi baada ya "ili" ikiwa tupu. Mimi ningeijaza siku ile, ningeandika "ili naye acheke", na nadhani mkono wangu ungesita.