Mwenye Kuanza Kuandika Programu Ashike Kitabu Kipi?



Mama mmoja ametuletea barua kutueleza khabari za mwanawe aliyemaliza kidato cha nne, ambaye ataka kujifunza kuandika programu za kompyuta. Miezi minane sasa aazima kompyuta ya mjomba wake. Ameanza masomo mengi ya intaneti wala hakumaliza hata moja. Leo ataka alipiwe mafunzo ya miezi mitatu, ambayo wenye kuyauza wameahidi kazi mwishoni. Mama hana fedha hizo ila auze cherehani yake, nayo ndiyo iilishayo nyumba. Atuuliza: "Maalim, niiuze?"

Usiiuze, mama. Hatusemi hivi kwa kuidharau elimu hii. Twasema kwa kuwa ayahitajiyo mwanao mwanzoni yapatikana bure, na yaliyo mema miongoni mwake hayashindwi na yauzwayo.

Sisi ni walimu wa chuo, hatukuwa na ujuzi wa kompyuta. Tulitazama masomo ya picha wiki mbili, tukiitikia kwa kichwa na kudhani tumefahamu. Kisha tukamwendea kijana tuliyemsomesha zamani, ambaye leo kazi yake ni kuandika programu. Akatutaka tuandike, kwa lugha iitwayo Python, hesabu ya zaka: mali iliyotimiza kiwango igawanywe kwa 40. Tukaandika 40,000,000 pamoja na mikato yake, kama tuandikavyo daftarini. Mashine ikakataa. Kijana hakutusahihisha, alituambia tu tuiamuru itudhihirishie ilichokihifadhi. Tukaona namba tatu, yaani 40 na sifuri mbili, badala ya namba moja. Kumbe katika lugha ile mkato hutenga kitu na kitu! Tulipoiondoa mikato, jawabu likatoka: milioni moja. Kosa lile moja lilitufunza kuliko wiki zetu mbili za kutazama.

Basi kipimo cha kwanza cha somo jema ni hiki: liutie mkono kazini. Lenye mazoezi kila mlango lichukuliwe. La kutazama tu liachwe. Cha pili, liwe limeandikiwa asiyejua kitu. Cha tatu, lisiwe limepitwa na wakati. Python ya 2 ilikoma kutunzwa mwaka 2020, na mwenye kufuata kitabu chake leo aweza kukataliwa na mashine tangu mstari wa kwanza, hali yeye hakukosea. Na atafute kifundishacho Python ya 3.

Kwa kijana ajuaye Kiingereza, kiko kitabu cha Al Sweigart kiitwacho Automate the Boring Stuff with Python, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2015. Chasomwa bure katika tovuti ya mwandishi mwenyewe. Apendaye kumsikiliza mwalimu, yako masomo ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, ya David Malan. Nayo yatazamwa bure, na mazoezi yake ni magumu. Watoto wadogo wana Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Humo mtoto hupanga vipande vya rangi badala ya kuandika. Yapatikana kwa Kiswahili, na yaweza kuwekwa katika kompyuta ikatumika pasi na intaneti.

Walakini asivishike vyote. Mshika mbili moja humponyoka, na hii ndiyo khasara iliyompata kijana huyu kwa miezi minane. Chuoni mtoto hapewi juzuu tano siku moja. Achague kimoja, aandike kila mfano kwa mkono wake, wala asihamie kingine kabla hajamaliza.

Nawe mama, mpe mwanao miezi mitatu ile ile. Kila Ijumaa akuonyeshe kitu kimoja alichokiandika kikafanya kazi. Hata kama hujui kompyuta, wajua kuuliza: "Hiki chafanya nini? Kilikataa wapi, nawe ulikitengeneza vipi?" Akikosa la kujibu, hakusoma bali ametazama. Akidumu, fedha kidogo mtakazozipata ziende kwanza katika kompyuta iliyotumika, kwani simu yafaa kusomea, lakini kuandikia programu humchosha mtu.

Na wale walioahidi kazi waulizwe swali moja: wako wapi waliofuzu kwenu, na leo wafanya kazi gani? Asiyeweza kuwaonyesha, asipewe fedha. Miezi mitatu ikipita tuandikie, mama, utujulishe kijana amefika mlango gani. Nayo cherehani ibaki mahali pake.

Wabillahi tawfiq.