Msitu wa Kongo na elimu inayohamia ng'ambo

Tunapoitazama ramani ya jirani yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sisi wa majeshini huangalia kwanza mipaka, mito na barabara. Leo tunawaomba ndugu askari na polisi wautazame msitu, kisha wajiulize: habari za msitu ule huandikwa na nani, na huwekwa wapi?

Mwaka 1933 wakoloni wa Kibelgiji waliunda shirika la utafiti wa kilimo, kituo chake kikuu kikawa Yangambi, kando ya Mto Kongo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960 kituo kilibaki, lakini shehena kubwa ya mimea ya Kongo iliyokaushwa imo hadi leo katika bustani ya Meise, karibu na Brussels.

Mwaka 2017 jarida la Nature la Uingereza lilitangaza kwamba chini ya vinamasi vya Kongo zote mbili, katika eneo la kilomita za mraba 145,500 hivi, kuna udongo wa mimea iliyooza nusu wenye kaboni ipatayo tani bilioni 30. Waandishi walikuwa saba: wawili wa Brazzaville, watano wa Uingereza. Hatuwaiti wageni wale wezi. Walivivuka vinamasi kwa miguu, na kazi yao ni ya kweli. Lakini mwenye vipimo ndiye anayesikilizwa pale dunia inapopanga thamani ya msitu.

Kuchapisha nako kuna bei. Kuanzia mwaka 2021, mwandishi aliyetaka makala yake katika jarida hilo isomwe na wote bila malipo alidaiwa Euro 9,500. Mwaka 2023 nchi maskini zipatazo 70 zilisamehewa ada hiyo. Ni jambo jema, ingawa msamaha wa ada haununui darubini.

Sasa tufike panapotuhusu sisi wenye silaha. Epulu, katika msitu wa Ituri, pana Hifadhi ya Okapi. Vita vya 1996 hadi 2003 vilipofika huko, wakubwa wengi waliondoka. Mtaalamu wa mimea Corneille Ewango alibaki. Alificha mimea iliyokaushwa, kompyuta na karatasi za utafiti, akawakabili makamanda na kuwasihi wauache msitu. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman. Hata hivyo, Juni 2012 kundi lenye silaha liliivamia Epulu likaua watu, na okapi wote 14 waliofugwa kituoni wakaangamia. Kituo cha namna hiyo kikichomwa, kinachosalia ni nakala zilizoko Ulaya tu. Askari anayekilinda analinda daftari la nchi yake.

Mwaka 2022 ilitoka makala nyingine juu ya vinamasi vile. Safari hii majina ya Wakongo yalikuwa mengi zaidi, la Ewango wa Kisangani likiwemo. La kwanza lilikuwa la mtafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds.